Ndala, malapa, kandambili, champali: neno sahihi ni lipi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Nzega, mkoani Tabora. Nimetunga hadithi fupi ya watoto, na sentensi yake ya kwanza inasema: 'Kashindye alivua ndala zake mlangoni.' Mhariri wa kitabu amefuta 'ndala' akaandika 'sandali', kwa maelezo kwamba ndala ni lugha ya mitaani. Mwenzangu aliyekulia Mombasa anashikilia kuwa neno lenyewe ni champali. Mwingine wa Unguja anasema malapa. Kwenye kamusi nikakutana na kandambili. Neno sahihi ni lipi? Na mbona kitu kidogo hivi kina majina yote haya?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Nianze na lile unalolisubiri: rudisha ndala zako. Mhariri amekosea, na kosa lake si dogo. Ameondoa neno ambalo kila mtoto wa darasa lako analijua tangu hajaanza kutembea, akaweka neno lenye maana mbili. Tena maana ile nyingine haihusiani na miguu kabisa.

Tuanze na hiyo sandali yake. Sandali, kwa mtu wa pwani, kwanza ni mti wa manukato. Mti wenyewe ni msandali, na ubao wake ni sandali. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nao asili yake wakaipata Bara Hindi. Kipande cha ubao husuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo, polepole, kwa mzunguko, mpaka itoke rojo laini ya rangi ya hudhurungi. Bibi harusi husingwa kwayo. Nchini Kenya biashara ya msandali ilifikia hatua ya kuhatarisha mti wenyewe, hata serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Ukisoma habari kwamba polisi wamekamata lori la sandali, usifikiri ni viatu.

Sandali ya pili, ya kiatu, imetujia hasa kwa njia ya Kiingereza, na mizizi yake iko kwenye Kigiriki. Kwa hiyo hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu, yaliyokutana kinywani mwetu yakafanana sura. Hilo peke yake si kosa, maana lugha imejaa maneno ya namna hiyo. Tatizo liko kwenye hadithi yako. Katika matumizi ya kila siku, mtu akisema sandali, au sendo kama vijana wanavyosema, anafikiria kiatu cha wazi chenye mikanda kadhaa, mara nyingi cha ngozi, na pengine kina kifungo au bizimu nyuma ya kisigino. Kukivua lazima uiname. Ndala hazivuliwi hivyo. Ndala huachwa nyuma huku mguu mwingine umeshaingia ndani. Kashindye wako alikuwa anakimbilia ndani, nadhani, kama watoto wote. Mhariri kamwinamisha mlangoni afungue vifungo ambavyo hakuwa navyo.

Sasa lile swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kwa nini majina mengi?

Angalia tarehe. Mkutano ulioichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi kubwa ya Kiswahili sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kiatu cha mpira chenye kamba mbili zinazokutana kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili yake kilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, kikiiga zori za Wajapani zilizofumwa kwa majani ya mpunga. Wabrazili walipoanza kutengeneza za kwao, Havaianas, mwaka 1962, waliweka kwenye nyayo michoro midogo ya punje za mchele kukumbuka asili hiyo. Yaani sisi tulimaliza kikao cha kusanifisha lugha, ndipo kiatu kikaingia. Kilikuta mlango umefungwa, kikapita madirishani: bandari hii kikapewa jina hili, stesheni ile kikapewa jina lile. Hakuna aliyekaa kuamua, na kila mji ulibatiza wake. Ndiyo maana mimi sikubali mtu anaposimama na kusema jina lake ndilo sanifu na ya wenzake ni ya mitaani. Yote ni ya mitaani kwa asili. Tofauti ni ya mtaa tu.

Twende jina kwa jina, lakini sitayapa uzito sawa, maana hayana utajiri sawa.

Kandambili ndilo linalojieleza lenyewe. Ukanda mmoja, kanda mbili. Shika moja mkononi uitazame: kutoka mbele, pale kati ya vidole, zinaondoka kanda mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikizama kwenye wayo karibu na unyayo unapopinda. Jina limechora picha. Liandike neno moja, kandambili, wala si "kanda mbili", kwa sababu kanda peke yake ina kazi nyingi mno. Kuna kanda ya kusikilizia muziki, kuna Kanda ya Ziwa, na kuna kanda la kusukwa la kutilia nafaka. Kitenzi kanda nacho kinasimama kando, cha kukanda unga au kumkanda mgonjwa. Mwanafunzi akiandika "kanda mbili zimekatika", msomaji hajui kama ni redio imenyamaza au mtu anatembea peku. Halafu wafundishe kitu kingine kinachowachanganya: kandambili moja, ya mguu mmoja, tayari ina kanda mbili. Jozi yake ni kandambili mbili. Wanafunzi hucheka, lakini sarufi inaruhusu.

Neno hilo lina maisha mengine nje ya miguu, na hapa naomba nitulie kidogo. Katikati ya miaka ya 1970 klabu ya soka ya Young Africans, yaani Yanga, ya Dar es Salaam ilipasuka pande mbili. Upande mmoja uliitwa Yanga Raizoni, na wa pili Yanga Kandambili. Raizoni vilikuwa viatu vya soli nene iliyonyanyuka, fasheni ya vijana wa mjini wakati huo, vikienda na suruali pana chini. Kandambili ilikuwa ya mtu wa kawaida. Raizoni waliondoka, na kutoka kwao ikazaliwa klabu ya Pan African. Kandambili wakabaki na klabu. Tazama kazi iliyofanywa na majina mawili ya viatu: yamebeba umri, tabaka, mavazi na msimamo wa watu katika ugomvi mzima, bila mtu kuhitaji hotuba. Mzee aliyeishi Dar miaka ile ukimwambia "kandambili" anaweza asitazame miguu yako kabisa. Atakuuliza ulikuwa upande gani.

Malapa ni ya ngeli nyingine: lapa hili, malapa haya. Unguja na pwani ya Tanzania wanalitumia sana. Umoja wake, lapa, umejichimbia katika msemo mmoja mtamu: kuchapa lapa, yaani kuondoka haraka, kutimka. "Alipoona mwenye nyumba anakuja kudai kodi, akachapa lapa." Wengi wanaousema hawafikirii kiatu tena, ila sauti imebaki: lapa likichapa unyayo, pa, pa, pa, likififia kichochoroni. Ukiwa na mhusika anayekimbia deni katika hadithi zako, huo msemo ni wako. Kandambili haiwezi kazi hiyo, na ndala haiwezi. Hakuna achapaye ndala akaondoka.

Msemo huo una ndugu yake. Katambuga ni kiatu kinachochongwa kutoka tairi la gari, ambacho Kenya wanakiita akala. Kukata mbuga ni kwenda kasi, kusonga mbele bila kuzuiwa na kitu. Kiatu kimeitwa kwa kile kinachoweza kufanya. Katambuga hazimalizwi na miiba, na wafugaji wanazijua thamani yake kuliko mimi. Usizichanganye na ndala, hata kama zote zimetoka kwenye mpira.

Champali ya mwenzako wa Mombasa ni neno la Kihindi, chappal, ambalo pwani ililiongezea m katikati na i mwishoni ili lilale vizuri ulimini. Jina la zamani zaidi ya hilo ni sapatu, lililotoka kwa Wareno, ambao kwa kiatu husema sapato. Wareno waling'olewa Fort Jesus mwaka 1698, lakini sapatu ilibaki. Leo ukivuka Uganda utaisikia kwa watu wanaozungumza Kiganda, wakimaanisha hizi hizi ndala zetu. Makubadhi ni ya ngozi, ya heshima, ya kwenda nayo msikitini Ijumaa, na bara utasikia makobazi. Hayo ni viatu vya fundi wa ngozi, si vya kiwanda cha mpira, na mzee wa pwani ukimwambia makubadhi yake ni ndala atakuangalia vibaya.

Kenya, hasa Nairobi na miji ya bara, watoto wanasema patipati. Bata, kampuni yenye kiwanda Limuru, imeuza malapa kwa jina la Patapata, na masikio yoyote yatasikia undugu wa maneno hayo mawili. Yote mawili yana sauti ya kiatu kinachopiga kisigino.

Nimeahidi kutokupa kila jina uzito sawa. Basi niruhusu nirudi nyuma kwa lile ninalolipenda kuliko yote, ambalo wewe hukulitaja: mtalawanda. Kabla ya mpira palikuwa na mbao. Mtalawanda ni mti, na ni kiatu kilichochongwa kutokana nao. Kina wayo wa mbao wenye visigino viwili chini, mbele na nyuma, ili mguu ukae juu ya maji na matope. Hakina ukanda wowote. Mbele kinasimama kijiti chenye kichwa kama kifungo, na kijiti hicho kinaitwa msuruaki. Mvaaji hukibana kati ya kidole gumba na cha pili, na kiatu kizima kinashikwa kwa mbano huo tu. Nyumbani kwa bibi yangu jozi moja ilikaa mlangoni pa chooni mpaka nilipokuwa kijana. Nilijaribu kutembea nazo ukumbini. Hatua ya tatu, kidole kikachoka, msuruaki ukaniponyoka, kiatu kikabaki nyuma nami nikaenda mbele. Bibi alivivaa akabeba ndoo, na sakafu ikalia ta, ta, ta, kwa mwendo usiobadilika.

Ninakusimulia haya kwa sababu ndala ya mpira ni mtoto wa msuruaki. Mbano ni ule ule, wa vidole viwili vile vile. Kilichobadilika ni kwamba kijiti kimekuwa ukanda. Ukanda huo nao una jina lake kamili ambalo naona linapotea: gidamu. Gidamu ni ule mkanda unaopita kati ya vidole. Mara nyingi kinachokufa kwenye ndala ni gidamu, wayo hubaki mzima. Geuza ndala chini utaona kitufe cha duara kilichozama kwenye tundu. Siku tundu likipanuka, kitufe kinachomoka, mguu unateleza, na mtu anajikuta ameshika ndala mkononi katikati ya barabara. Wapo wanaokirudisha kitufe na kuchoma msumari ukingama chini yake. Wapo wanaoweka kifuniko cha chupa kama kizuizi. Watoto wako darasani wanaijua kazi hiyo kuliko kamusi yoyote, lakini waulize jina la kile kinachokatika, watakwambia "kale kamkanda". Hapo ndipo mwalimu ana kazi.

Kuhusu ndala yenyewe, kuna jambo ambalo wewe wa Nzega umelizoea mno kiasi cha kutoliona. Ndala ni mahali. Iko wilayani kwako, ina misheni na hospitali. Mwanafunzi wako akiandika "mama amekwenda ndala", herufi ndogo imemharibia sentensi, na akiandika "baba amenunua Ndala", baba amekuwa tajiri wa ardhi. Fundisha herufi kubwa kwa mfano huo, hawatasahau. Ndala ni jina la watu pia. Wapenzi wa muziki wa dansi wanamkumbuka mpiga gitaa Ndala Kasheba, aliyetoka Kongo akafanya jina lake Tanzania, na hakuna aliyewahi kusikia jina hilo redioni akafikiria viatu. Muktadha hufanya kazi yake kimyakimya.

Muktadha ukikosekana, mambo huenda hivi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mgeni kutoka Kongo, nyumbani Tanga. Asubuhi akatoka bafuni, akamuuliza mke wangu mapapa yake yako wapi. Mke wangu akamjibu kwa heshima kwamba papa yupo, amekauka vizuri, ila mchana ndipo atapikwa. Mgeni alitazama miguu yake, mke wangu akatazama jikoni. Katika Kilingala, mapapa ni ndala. Kwetu papa ni samaki, na mapapa ni wakubwa wakubwa. Walikuwa wanazungumza Kiswahili wote wawili, tena kizuri.

Neno jingine la aina hii ni yeboyebo. Tanzania ni viatu vya plastiki vya wazi, na pia ni mtindo wa kusuka nywele. Binti akisema "nataka yeboyebo", msubiri amalize sentensi ndipo utoe hela, maana duka la viatu na saluni si mlango mmoja.

Na bado majina yanazaliwa. Lamu mafundi wa majahazi, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda jahazi la mita tisa kwa plastiki iliyookotwa, kisha wakalifunika ubavuni kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000 zilizokusanywa ufukweni na barabarani. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Linaitwa Flipflopi. Ni jina la Kiingereza lililovishwa irabu ya mwisho, kama champali ilivyovishwa zamani. Leo mtu wa Lamu akisema Flipflopi anamaanisha jahazi lile la rangi mia, hamaanishi kiatu. Nimefurahi sana kuliona, kwa sababu linaonyesha lugha ikifanya mbele ya macho yetu kile kile ilichokifanya kwa sapatu, nami sikuwepo enzi za sapatu.

Sasa kitabu chako. Mhariri ana hoja moja ya kweli, nayo ni kwamba kitabu kinaweza kusomwa Pemba au Kisumu na mtoto asiyejua ndala. Dawa yake si kubadilisha neno. Kuna picha. Kuna pia sentensi inayofuata, ambayo inaweza kuonyesha kitu chenyewe bila kukifafanua. Mwambie mhariri kwamba mtoto wa Pemba akikutana na ndala ukurasa wa kwanza na kuona mchoro wa malapa, amepata neno jipya bure. Na huko mbele, kama Kashindye atakwenda kwa shangazi yake Mombasa, mwache shangazi aseme "vua champali zako", na mwache Kashindye asite kidogo mlangoni kabla hajaelewa. Usimrekebishe shangazi.

Jambo dogo la sarufi kabla hujarudisha mswada. Umeniandikia kwenye barua kwamba ukurasa wa nne unasema "ndala zake ilikatika". Chagua: ndala yake ilikatika, kama ni ya mguu mmoja, au ndala zake zilikatika, kama ni zote mbili, jambo ambalo kwa kawaida halitokei siku moja. Mimi ningeandika hivi: "Alipofika kwenye daraja, gidamu ya ndala yake ya kushoto ilichomoka." Halafu mpe msumari.